Amana Haitembezwi

Asubuhi ambayo Madam na mumewe walisafiri kwenda Italia, Nasimiyu alikuwa katika chumba cha kufulia akipiga pasi gauni la kitani la rangi ya maziwa. Kitani kina ukaidi wake. Ukikiacha kikauke kabisa hakinyooki, na ukikilowesha mno kinaacha alama, kwa hiyo alikuwa akikinyunyizia maji kwa ncha za vidole, kama mtu anayebariki. Gauni lile lilikuwa la kuvaliwa Roma. Ya Florensi, Siena na Venisi yalikwisha kukunjwa sandukuni, kila mji umetengwa na mwingine kwa karatasi laini, maana Madam alikuwa mtu wa mpango. Safari yenyewe ilikuwa ya kuadhimisha ndoa yake na Mista. Wangetazama makanisa ya kale, minara na madaraja, na wangekula vizuri.

Madam alikuja na mkoba wake wa ngozi begani. Alisimama kwenye kabati la ukumbini, mkabala na mlango wa chumba cha kufulia, akafungua droo kwa ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye bangili yake. Akatoa pasipoti mbili za buluu zilizofungwa pamoja kwa mpira, moja ya Nasimiyu na moja ya Oloo, mume wake Nasimiyu, ambaye ndiye dereva wa nyumba hiyo. Akazitia mkobani kati ya miwani ya jua na vitambaa vya kufutia mikono.

"Nakwenda nazo," alisema. "Si kwamba siwaamini. Ni amana tu, na amana haiachwi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe."

"Sawa, Madam," Nasimiyu akasema, akageuza gauni upande wa pili.

Kwamba sheria ya nchi haimruhusu mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi, wote walijua. Madam mwenyewe aliwahi kuisoma habari hiyo kwa sauti kutoka kwenye simu yake, akatikisa kichwa kwa kuwahurumia wafanyakazi wa nyumba nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Nasimiyu alipougua meno alimpeleka kwa daktari wake mwenyewe, akakaa naye akimshika mkono hadi jino likatoka. Mambo kama hayo Nasimiyu hakuyasahau.

Oloo alikuwa nje akipakia masanduku garini. Yeye na Nasimiyu walioana zamani kanisani Webuye, kwao Kenya, wakapata binti mmoja, Charity, wakamsomesha. Walipokuja Doha walidhani kuajiriwa katika nyumba moja ni bahati, na ilikuwa bahati, ila Madam alikuwa na utaratibu wake: dereva analala kwenye chumba cha getini, msaidizi wa ndani analala karibu na chumba cha kufulia, na mlango wa katikati unafungwa. Basi walikuwa wakionana kama majirani. Siku yao ilikuwa Ijumaa, kule Mesaimeer, mtaa wa Doha wenye makanisa ya wageni. Baada ya ibada walikaa kwenye ukingo wa maegesho ya kanisa wakala chapati alizopika Nasimiyu, na Oloo akamweleza habari za barabarani kana kwamba anatoka safari ya mbali.

Safari hii walikuwa na jambo la kuwaza. Charity alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Webuye, wakati wa mvua ndefu, na mtoto alikuwa halali. Alilia akinyonya, akalia akiogeshwa, na maziwa hayakumkaa tumboni. Zahanati walimpima wakasema haumwi. Nasimiyu alijua tangu mwanzo kuwa haumwi. Kwao, na kwa kina Oloo pia ingawa ni kabila jingine, mtoto mchanga anayelia hivyo anatafutwa na mtu. Kuna marehemu katika ukoo anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Kazi ya nyanya ni kumpakata mtoto, kumpumulia usoni, na kuwataja waliotangulia mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akimfikia mwenyewe, mtoto hunyamaza, na jina linakuwa lake. Walio hai hawatajwi. Mtu aliye hai hana haja ya kuitwa, atarudi kwa miguu yake.

Nyanya wa upande wa baba alikwisha kufariki, na jina lake ndilo lililojaribiwa la kwanza, lisikubaliwe. Aliyebaki ni Nasimiyu. Walijaribu kwa simu. Alitaja kina Nekesa wote aliowajua, na Nafula wa ng'ambo ya mto, na shangazi yake Oloo aliyekuwa akiuza vyungu, lakini simu haina pumzi, na mtoto aliendelea kulia. Ndipo Nasimiyu akaomba likizo. Madam alimsikiliza vizuri, akamuuliza mtoto ana uzito gani, akasema, "Tukirudi kutoka Italia tutaongea."

Ndege iliondoka saa tano. Saa sita Nasimiyu alikuwa uani akianika mapazia, akaona ukutani kivuli cha pazia, kivuli cha kamba na vivuli vya vibanio, lakini chake hakipo. Oloo alirudi kutoka uwanja wa ndege, akashuka garini kwenye jua kali, naye hakuwa na kivuli.

"Mama Charity, uko wapi?" akauliza.

"Niko hapa. Na wewe?"

"Mimi pia niko hapa. Ila tena niko juu ya mawingu na masikio yameziba."

Nasimiyu akamwambia ameze mate. Masikio yake yeye yalikuwa yamezibuka tayari.

Jambo hili si geni kwa watu wa Mesaimeer. Winfred, Mganda anayelea watoto, pasipoti yake ilichukuliwa na mwajiri wake kwenda London wakati wa baridi, naye akakohoa hapa hapa Doha mwezi mzima. Levis wa ulinzi, pasipoti yake ilibaki katika ofisi ya wakala mmoja aliyehama nchi bila kuaga, na tangu hapo kila anachokula kina ladha ya vumbi la makabati. Watu humsogezea pilipili.

Kwa hiyo Nasimiyu na Oloo hawakuhangaika. Mkoba ulipokuwa, nao walikuwapo, wakiwa wazima, na huku Al Wukair, mtaa wa nyumba ya Madam, walikuwapo vilevile, wakiwa na kazi zao. Nasimiyu alieleza baadaye kwamba ilikuwa kama kupika huku unasikiliza redio. Moja linafanywa na mikono, lingine linapita.

Roma walifika na joto. Madam aliwakuta asubuhi wamesimama kando ya chemchemi ya mawe, Oloo amevaa shati lake la Ijumaa. Aliwatazama, akautazama mkoba wake, akaelewa.

"Ulifunga gesi?" akamuuliza Nasimiyu.

"Nimefunga, Madam. Niko jikoni sasa hivi."

"Mama amekula?"

"Amekula uji, na tende mbili."

Mama aliyeuliziwa ni mama yake Mista, bibi mzee sana ambaye miguu yake ilikwisha kuchoka, na ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Kabira. Alibaki Al Wukair mikononi mwa Nasimiyu. Madam akaridhika, wakaendelea na matembezi, wenye nyumba mbele, wengine wawili nyuma kidogo kwa heshima.

Waliona mengi, ingawa si yote. Uwanja mkubwa wa kale wa mashujaa hawakuuona, kwa sababu siku hiyo Madam aliogopa wezi wa mifukoni akauacha mkoba hotelini. Florensi, kwenye jumba la picha, mikoba ilitakiwa ikabidhiwe mlangoni, kwa hiyo walishinda mchana kutwa kati ya miavuli na magunia ya watalii. Mwangalizi wa chumba hicho, mama mnene mwenye miwani, aliwaona wamesimama akawaletea stuli yake akae Nasimiyu. Hawakuelewana hata neno. Nasimiyu alisema kwamba katika Florensi yote, hicho ndicho alichokiona kizuri zaidi.

Jioni Madam aliufungia mkoba ndani ya sefu ya hoteli, kwenye kabati la nguo, na Nasimiyu na Oloo wakalala humo. Palikuwa na giza, pamebana, na bawaba zilinuka mafuta. Tangu waje Doha hawakuwahi kulala mahali pamoja. Oloo alisema sefu ni nzuri ila haina mto, na Nasimiyu akampa bega. Huku Al Wukair kila mmoja alikuwa kitandani kwake, mlango wa katikati umefungwa, na wote wawili walilala usingizi mzito hata wakachelewa kuamka.

"Fungate hiyo," Oloo alimwambia asubuhi wakikutana uani, yeye na ndoo ya kuoshea gari, mkewe na zulia. "Imechelewa kidogo tu."

"Nyamaza, majirani watasikia," Nasimiyu akasema, lakini alitabasamu siku nzima.

Mama Kabira ndiye aliyeiona miguu ya Nasimiyu. Ilikuwa imevimba kwa mawe ya Roma, na viatu vyake vya ndani vilikuwa na vumbi jekundu ambalo Doha haina. Hakuuliza limetoka wapi. Aliagiza beseni la maji ya chumvi kwa ajili ya miguu yake mwenyewe, na lilipoletwa akasema, "Tia na yako." Wakakaa pale, miguu minne ndani ya beseni moja, na Mama Kabira akataka kuelezwa Italia ikoje.

"Ni nchi ya ngazi," Nasimiyu alimwambia. "Na watu wake wanakaa nje."

Mama Kabira alisema kwamba hata hapa zamani watu walikaa nje.

Kisha wakafika Siena. Huko kuna uwanja wa matofali ulioinama kama sinia, na pembeni yake mnara mrefu. Madam na Mista walitaka kupanda, lakini ngazi zilikuwa nyembamba na mikoba haikuruhusiwa juu. Madam akatazama huku na huku, akamwona Nasimiyu, uso ukamchangamka.

"Shika huu," akasema, akamvika mkoba begani. "Usiende popote."

Wakapanda. Nasimiyu na Oloo wakakaa chini kwenye matofali, kivulini mwa mnara, na mkoba ukawa juu ya mapaja ya Nasimiyu. Aliusikia uzito wake. Kulikuwa na chupa ya maji, miwani, vitambaa, na chini kabisa kitu chembamba kigumu ambacho alikijua kwa kidole bila kukitazama.

Wakati huohuo huku Al Wukair Nasimiyu alikuwa bafuni akimwogesha Mama Kabira. Alikuwa amemtoa kwenye kiti cha kuogea, amemshika chini ya kwapa ili amsuuze mgongo, na uzito wote wa bibi yule ulikuwa mikononi mwake. Simu iliyokuwa kwenye ukingo wa sinki ikalia. Aliigusa kwa kiwiko, na sauti ya Charity ikajaa bafuni, na nyuma yake kilio cha mtoto.

Charity alisema wamejaribu tena. Jirani yake, Bella, alitaja waliokufa wote wa upande wake pia, kwa wema tu, maana labda mtoto amechanganya nyumba. Hakunyamaza. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka. "Mama," akasema, "si uje tu. Hata siku moja."

Siena, Oloo naye alisikia. Hakuutazama mkoba. Alitazama watoto wa watu waliokuwa wakijibingirisha kwenye matofali.

"Fungua zipu, Mama Charity," akasema taratibu. "Zetu ni zetu. Si wizi. Tunashuka hiyo barabara tunauliza uwanja wa ndege uko wapi."

"Na tiketi?"

"Tutaomba. Tutaosha vyombo. Mimi nitaendesha hata punda, nimewaona huku."

Nasimiyu alishika zipu. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na ilikuwa na joto la jua. Aliivuta kidogo, ikafunguka upana wa kidole, akaona mpira uliofunga zile pasipoti. Alikuwa amezifunga yeye mwenyewe, mwaka waliofika, Madam alipomwomba mpira kutoka jikoni.

"Nikiondoka nazo, yule wa kule ataondoka?" akauliza.

Oloo alifikiri. Alisema kwamba kwa kweli hajui. Winfred alipotoka London alirudi mzima, lakini Winfred hakuwahi kuichukua yake mwenyewe. Huenda mtu akiishika kwa mkono wake anakuwa mmoja tena, mtu kamili, mahali ilipo.

"Basi Mama Kabira ataanguka," Nasimiyu akasema. "Nimemshika sasa hivi. Sakafu ina sabuni."

"Mkalishe kwanza."

"Nikimkalisha Madam atakuwa ameshuka."

Na ilikuwa kweli. Mama Kabira hakuwa mtu wa kukalishwa upesi. Mifupa yake ilitaka kuambiwa kabla. Nasimiyu alimsuuza mgongo, akamwambia, "Sasa tunashuka, Mama, polepole, moja, tena," huku Charity akisubiri kwenye simu na mtoto akilia, na Oloo akisubiri Siena. Alipomfikisha kitini na kumfunika taulo, Madam alikuwa amekwisha kutoka kwenye mlango wa mnara, uso mwekundu, akicheka na mumewe. Nasimiyu akairudisha zipu mahali pake.

Madam akapokea mkoba. Aliufungua, akatazama ndani, akahesabu kwa macho, akaufunga.

"Ahsante," akasema. "Najua naweza kukuachia kitu."

Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye kibanda kilichokuwa kona ya uwanja, akarudi na aiskrimu mbili, moja ya Nasimiyu na moja ya Oloo, na alikuwa ameuliza ni ipi isiyo na karanga, kwa sababu alikumbuka karanga humwasha Oloo kooni. Walikula wakiwa wamesimama. Ilikuwa nzuri, na Oloo alisema hivyo, maana hakutaka kuonekana mtu asiye na shukrani. Iliyeyuka upesi ikamdondokea kwenye shati la Ijumaa, na huku Al Wukair alilifua mara tatu, doa likakataa kutoka.

Venisi walikaa muda mfupi. Maji yalikuwa kila mahali, na nyumba zilisimama ndani yake kana kwamba zimeenda kuteka. Madam na Mista walipanda mashua ndogo nyeusi wakapigana picha, na kwa kuwa mkoba ulikuwamo, Nasimiyu na Oloo walikuwamo pia, kwenye kiti cha nyuma. Oloo alimshika mkewe mkono waziwazi. Hakuna aliyewakataza. Pindo la dera la Nasimiyu lililowa, na mpaka jioni lilikuwa likidondosha maji kwenye vigae vya Al Wukair, naye akilifuata nyuma kwa kitambaa. Aliangalia maji yale yakipita chini ya daraja, akafikiri kwamba mtoto angeyapenda, kwa sababu mtoto anayelia hunyamaza akiona kitu kinachotembea. Halafu akakumbuka kwamba huyu angelia tu.

Wenye nyumba walirudi Ijumaa. Oloo aliwapokea uwanja wa ndege. Vivuli vyao viliwarudia vikiwa na mikunjo, kama nguo iliyokaa sandukuni, vikajinyoosha vyenyewe baada ya siku chache. Kabla hajavua hata viatu, Madam alifungua droo ya ukumbini, akaweka pasipoti mahali pake, akafunga. Kisha akatoa zawadi. Mama Kabira alipata tasbihi ya vioo. Nasimiyu alipata sumaku ya kubandika kwenye friji, yenye picha ya uwanja wa Siena.

"Nimeichagua hiyo kwa sababu ulikaa pale muda mrefu," Madam alisema.

Nasimiyu akashukuru, akaibandika kwenye friji ya jikoni. Halafu akakumbushia likizo. Madam alisema binti ya dada yake anaolewa, nyumba itajaa wageni, na huyo Mama hawezi kuachwa kwa mgeni. Baada ya harusi wataongea. Hakusema kwa ukali. Alimwuliza tena uzito wa mtoto, na alipoambiwa umepungua alisikitika hadi macho yakamlowa.

Ijumaa iliyofuata, kule Mesaimeer, Nasimiyu na Oloo walizungumza na Kiptoo, mlinzi wa hoteli moja mjini, ambaye alikuwa akienda likizo kwao Eldoret. Kiptoo alisema Webuye si mbali na kwao. Atapanda gari, ataikabidhi pasipoti ya Nasimiyu mkononi mwa Charity, Charity ataiweka kando ya mtoto, na yeye akirudi Doha ataipitia na kuirudisha. Alijitolea mwenyewe, hata kabla hawajamaliza kueleza. Nasimiyu alimpa chapati zilizobaki zote.

Jioni hiyo alimpelekea Madam chai, akabaki amesimama.

"Madam, siombi kuondoka tena," akasema. "Nitabaki hapa. Naomba pasipoti iende bila mimi. Kiptoo ataipeleka na ataileta. Sakafu itapigwa deki, Mama ataoga, harusi itapikiwa. Utaniona kila siku. Kivuli tu ndicho kitapungua."

Madam aliweka kikombe chini. Alilifikiria jambo lile kwa uaminifu, na Nasimiyu aliona kwamba analifikiria. Aliuliza Kiptoo ni mtu wa namna gani. Aliuliza mabegi huko Kenya hupotea mara ngapi.

"Ukishamshika huyo mtoto," akasema mwishowe, "utarudi wewe mzima?"

"Nitakuwa hapa, Madam. Sitakuwa nimeondoka."

"Kule Siena ulikuwa hapa pia. Mama aliniambia ulimwogesha ukilia." Akaigusa bangili yake, ufunguo ukalia kidogo. "Hapana, Nasimiyu. Ni amana hiyo. Amana haitembezwi."

Nasimiyu akachukua kikombe. Alipomsimulia Oloo kwenye dirisha la chumba cha getini, Oloo alisema kwamba lile doa la aiskrimu bado liko kwenye shati, kama kuna mtu anataka kuliona. Hakuna aliyetaka.

Mama Kabira naye alisikia, kwa sababu katika nyumba ile kila kitu alikisikia. Kesho yake, Nasimiyu alipokuwa akimsuka nywele, alisema, "Ningekupa. Ila ufunguo si wangu. Hata wa mlango wa nje sina."

Kiptoo akasafiri na zawadi zake tu.

Charity alipiga simu siku ya harusi, wakati Nasimiyu akiwa jikoni kati ya masufuria ya wali, wageni wakipiga vigelegele sebuleni. Alijiziba sikio moja. Ilimchukua muda kutambua kilichobadilika, na kilichobadilika ni kwamba nyuma ya sauti ya Charity palikuwa kimya.

"Amelala," Charity akasema.

"Amekubali?"

"Amekubali."

Nasimiyu alimwuliza ni nani, ni yule wa vyungu? Ni Nafula? Charity akasema hapana, hao wote walikataliwa. Akaeleza taratibu. Bella alikuwa amempakata mtoto, amechoka, majina yamekwisha. Wakatazama ukutani, kwenye picha, kama kuna mtu waliyemsahau. Bella akasema jina la mtu wa kwanza aliyemwona pichani, bila kufikiri, kwa uchovu tu. Mtoto akanyamaza neno likiwa bado mdomoni. Walidhani ni bahati. Wakasubiri aanze kulia, wakalisema tena, akacheka, akanyonya, akalala. Analala tangu jana.

"Ni lako, Mama," Charity akasema. "Anaitwa Nasimiyu."

Nasimiyu alisimama na mwiko mkononi. Mbele yake, kwenye friji, uwanja wa Siena ulikuwa mtupu na safi. Alimwuliza Charity kama mtoto amefunikwa. Alisema amefunikwa. Alimwuliza kama maziwa yanakaa. Alisema yanakaa, tena anaomba mengine. Nasimiyu akasema basi ni vizuri, ni vizuri sana, amshukuru Bella, ampelekee kuku. Wakaagana. Akageuza wali usishike chini.

Baadaye, wageni walipokuwa wakila, alimpeleka Mama Kabira bafuni, maana kelele zilimchosha na maji humtuliza. Alifungua bomba, akasubiri maji yapate joto. Mama Kabira alimtazama.

"Nyumbani kwako kuna habari," akasema.

"Mjukuu wangu amepata jina, Mama."

"Alhamdulillahi. La nani?"

"La mtu wa kwetu," Nasimiyu akasema. "Aliondoka zamani."

Mama Kabira akainua viganja vyake viwili vilivyokunjamana.

"Mungu amrehemu," akasema.

"Amina," Nasimiyu akajibu. Akayapima maji kwa kiwiko, akamshika chini ya kwapa, akamwambia, "Sasa tunainuka, Mama. Polepole."